Suud na Skii za Kila Theluji

Marehemu Suud bin Nabhan hakuiona theluji maisha yake yote. Alizaliwa Ibra, huku Oman, akasoma Ibra hadi sekondari, akaoa Ibra, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Makka, ambako theluji haikumfuata. Hata hivyo, mtu yeyote anayefanya kazi kwenye kambi za watalii kule Bidiya ukimtajia Suud atakwambia, ah, yule dereva wa gari la maji mwenye skii. Wengine hucheka kwanza, ndipo wakakwambia.

Mungu amghufirie na ampanulie kaburi lake. Siku za matanga yake watu walikisimulia kisa cha skii kila mmoja kwa namna yake. Huyu alisema Suud aliruka kutoka juu ya tuta la mchanga kama ndege. Yule alisema alimbeba mtu mgongoni. Suud hakuruka wala hakubeba. Alikwenda polepole, roho mkononi, na kilichotaka kumzuia siku ile hakikuwa mchanga peke yake. Kilikuwa pia neno moja la Kiswahili.

Skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji, zilikuwa za mgeni mmoja wa Austria, mwalimu mstaafu, aliyesikia kwamba huku kwetu watu huteleza mchangani, akaja nazo begani kama mtu aliyebeba miti ya kujengea. Aliteleza asubuhi moja tu. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akazipindua na kuona zilivyochubuka chini kwa msuguano wa mchanga, akaona hakuna haja ya kurudi nazo. Suud alikuwa pale akijaza tangi la kambi. Mzee akampa zote mbili, na viatu vyake vizito, na fimbo zake.

Kabla ya kuondoka alimweleza kwa Kiingereza cha taratibu. Kuna skii nyembamba zenye makali ya chuma pembeni, alisema, hizo ni za theluji iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Kuna skii pana, za theluji mpya iliyo laini kama unga wa ngano, ili mtu aelee asizame. Na kuna hizi, za katikati, za kila theluji.

"Zinafanya kazi zote," mzee alisema, "ila usizitarajie kuwa bingwa wa hata moja."

"Basi zinanifaa," Suud akajibu. "Na mimi ndivyo nilivyo."

Watu walidhani anazichukua kwa mchezo. Mchezo ulikuwemo, lakini kazi ilikuwemo zaidi. Gari la maji likizama mchangani halitoki hivi hivi. Inabidi umwage maji yote, na kambi nzima ilale bila ya kutia udhu. Suud alikuwa akiijua ramla, yaani ile bahari ya mchanga inayoanzia Bidiya kwenda kusini, kupitia magurudumu na usukani. Skii zilimpa miguu. Kila alfajiri, akishasali na kushusha maji, alivaa soksi mbili mbili maana viatu vya yule mzee vilikuwa vikubwa, akapanda tuta.

Akagundua kwamba mchanga nao una aina zake, kama theluji ya yule mzee. Upande wa tuta uliojificha upepo, mchanga ni mkavu, umesimama wima unangoja sababu ya kumwagika. Huko skii zilielea vizuri, bora mtu ajiegemeze nyuma kidogo ncha za mbele zisizame, ingawa zilikwenda kwa kujivuta kwa sababu mchanga unasugua kuliko theluji. Alizipaka chini nta ya mshumaa, ikayeyuka na jua. Akatafuta nta ngumu zaidi, skii zikachangamka kidogo. Upande unaopigwa na upepo mchanga umeshindiliwa, makali ya chuma yakauma, akaweza kukata kona, lakini hapana mteremko wa kumfurahisha mtu. Na mchanga ulionyeshewa ndio uliowachekesha wafanyakazi wa kambi kuliko yote, kwa kuwa huko skii hazikwenda kabisa. Suud alisimama katikati ya mteremko kama aliyekanyaga asali.

"Yakhe, sukuma," walimpigia kelele. "Au unangoja theluji ije ikuchukue?"

Aliwaacha wacheke. Alikuwa akitazama chini. Mchanga uliolowa kwa juu hufanya ganda, na ganda lile mguu ukilikanyaga linavunjika, na mchanga mkavu wa chini unaanza kutiririka kama gunia lililotoboka. Skii, kwa urefu na upana wake, hazikulivunja. Hazikwenda, lakini hazikuvunja.

Akawa na ada ya kuchukua mchanga kidogo wa kila pahala na kuutia kwenye chupa tupu za jemu, akaandika juu yake umetoka wapi na skii zilifanyaje. Chupa zikajaa dirishani kwake. Mkewe, Badria, alilalamika kwamba watu wengine waume zao huleta nyumbani samaki.

Sasa kuhusu lile neno.

Suud alikuwa na mama yake mdogo, mdogo wa mama aliyemzaa, ambaye ukoo mzima ulimwita Bimdogo hata watu wakasahau jina lake. Alizaliwa mjini Unguja, akaja Oman angali msichana, na alikuwa akikaa Sur na mwanawe wa pekee, Asaad, aliyekuwa fundi kiwandani huko. Mama yake Suud alipofariki, Suud alikuwa bado mdogo, na Bimdogo, wakati huo akikaa Ibra, ndiye aliyemlea. Alikuwa mtu wa dini na msimamo. Akishasema hili haramu, hata harufu yake hataki.

Siku moja alipiga simu Ibra, akapokea Ibtihal, binti yake Suud, msichana anayesoma chuo Nizwa na aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Baba'ko yu wapi? Nampigia, hapokei."

"Kaenda ramla, bibi. Siku hizi kila alfajiri anapiga ramli."

"Anapiga nini?"

"Ramli. Anachora mistari, anaiangalia, anatia ramli kwenye chupa, anaandika. Halafu anajua gari ipite wapi na isipite wapi. Hodari sana."

Ibtihal alikiokota Kiswahili kwa masikio, nyumbani, katikati ya Kiarabu. Kwa Kiarabu raml ni mchanga tu, na vijana wanaopeleka magari kwenye matuta husema wanaupiga. Yeye alilibeba neno kutoka huku akalitua kule, basi. Bimdogo naye alijua vizuri kwamba raml ni mchanga. Miaka aliyokaa Oman ni mingi kuliko aliyokaa Unguja. Lakini alisemeshwa kwa Kiswahili, akasikia kwa Kiswahili. Na kwa Kiswahili cha Unguja kupiga ramli hakuna maana ya pili. Ni kuagua. Ni kutafuta ghaibu kwa mistari, jambo ambalo linamharibia Muislamu sala yake na linamtia shakani katika imani yake.

Hakumwambia mtu. Aliona ni aibu ya nyumba. Alipoalikwa Ibra alitoa udhuru wa magoti. Tende Suud alizompelekea Sur zilirudi na dereva yule yule, hazikufunguliwa. Suud aliumia, akajipekua amemkosea nini, akamtuma Badria aulize, Badria akaambiwa hakuna kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka majira ya baridi, Asaad aliponunua gari jipya la kupandia matuta na kumshika mama yake twende Ibra, mama, watu wanauliza. Bimdogo akakubali. Alikuwa na nia yake: kumkalisha Suud kitako na kumpa nasaha, atubu.

Hakupata nafasi. Usiku ule ilinyesha mvua, si kubwa, na asubuhi Asaad akasema hakuna siku nzuri ya kwenda ramla kama leo, vumbi limelala. Wakaenda wanne, Asaad na mama yake katika gari jipya, Suud na Ibtihal katika pikapu ya Suud, skii nyuma kama kawaida yake. Wakatandika mkeka chini ya tuta kubwa, upande wa upepo, wakamimina kahawa.

"Asaad," Suud alisema, "leo usivuke ukingo. Panda, geuza, shuka ulikopandia."

"Kwa nini?"

"Mvua imefanya ganda. Kwa macho ni gumu, lakini ndani ni pakavu. Gari likishuka upande wa pili, ganda linapasuka."

"Wewe na mbao zako," Asaad alicheka. "Nionyeshe theluji kwanza, ndipo nitakuita mwalimu." Akamgeukia mama yake. "Mama, huyu mwanao anasoma mchanga kama sisi tunavyosoma gazeti."

Bimdogo hakucheka. Alimtazama Suud jicho moja tu, kisha akaangalia kikombe chake.

Asaad akawasha gari, akalipandisha tuta kwa kasi, mchanga mweusi wa unyevu ukiruka nyuma ya magurudumu. Alipofika ukingoni taa za breki hazikuwaka. Gari likainamisha pua, likatoweka, na sauti ya injini ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

Suud alifika juu wa kwanza. Alijilaza kifudifudi kabla ya ukingo, akachungulia, akamrudishia Ibtihal mkono asisogee.

Gari lilikuwa nusu ya mteremko, limelalia ubavu wa kulia, paa limeelekea juu ya tuta na magurudumu yameelekea shimoni. Juu yake ganda lilikuwa limechanika kwa upana wa chumba, na kutoka kwenye jeraha lile mchanga mkavu ulikuwa ukitiririka bila ya kelele, unajaa nyuma ya paa. Ulikuwa umeshafika usawa wa dirisha la dereva, ambalo sasa lilitazama mbinguni na kioo chake hakipo. Ulikuwa umeanza kuingia.

"Mguu," sauti ya Asaad ilitoka ndani. "Mguu wangu umebanwa chini. Suud, mchanga unaingia."

"Usitikisike," Suud alimwambia. "Kila ukijitingisha gari linashuka."

Ibtihal alikuwa kwenye simu na difaa, watu wa uokozi. Walikuwa wameshatoka Bidiya, walisema, na walisema pia mtu yeyote asiukaribie mteremko. Walikuwa na haki kusema hivyo. Suud mwenyewe angemwambia mtu hivyo hivyo. Lakini alikuwa akiangalia rangi. Ganda lililolowa ni la kahawia iliyoiva, likikauka linapauka. Jua lilikuwa limeshaukamata ukingo, na pale juu palikuwa pameanza kupauka, na mpauko ule ulikuwa ukishuka taratibu kuelekea kwenye jeraha. Ukifika, hakutakuwa na kitu cha kuushika mteremko. Utashuka wote.

Bimdogo alifika akihema, buibui imejaa mchanga. Aliona mara moja. Akataka kushuka.

Suud akamkamata mkono. "Hapana, mama."

"Niachie. Mwanangu yule."

"Ukishuka wewe, mchanga wote unashuka nawe. Utamfukia wewe mwenyewe."

"Umejuaje?"

"Nimeusoma mchanga huu, mama. Najua."

Lilikuwa jawabu la kweli na jawabu baya kuliko yote. Bimdogo aliuchomoa mkono wake.

"Umesoma," alisema. "Umepiga ramli juu ya roho ya mwanangu."

Suud hakuelewa, na hakukuwa na wakati wa kuelewa. Alikimbia chini kwenye pikapu, akamwambia Ibtihal ailete mpaka kwenye bega la tuta, kule ambako ukingo unateremka na mteremko unafikika kwa ubavu. Kutoka juu hapakufaa, angemwaga mchanga. Kutoka chini hapakufaa, angeukata mguu wa mteremko. Ilibaki kuukata katikati, kwa upande, usawa wa gari. Akafunga kamba kwenye pikapu, akaifunga ncha ya pili kiunoni, akavaa viatu vya Muaustria, akabana skii. Alipoinua kichwa, Bimdogo alikuwa amesimama mbele yake, hasa pale skii zilipopaswa kupita.

"Hupiti."

"Mama, Asaad—"

"Mwanangu akifa, atakufa kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Hatatolewa kwa ramli. Siwezi kuja kulijibu hilo mbele ya Mola wangu."

Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. Suud angeweza kumzunguka, lakini pembeni pake ganda lilikuwa jembamba, na kumsukuma asingethubutu, si mwanamke aliyemlisha kwa mkono wake. Tena alimhitaji. Ndani ya gari Asaad alikuwa ameanza kupapatika, na kila alipopapatika gari lilishuka unyayo mmoja, na duniani kulikuwa na sauti moja tu ambayo Asaad angeitii.

"Ramli gani, mama?" Suud alisema. "Nani kakwambia mimi napiga ramli?"

"Mwanao."

Wakamgeukia Ibtihal, aliyekuwa ameshika mlango wa pikapu. Rangi ilimtoka.

"Bibi," alisema. "Bibi, mimi nilisema raml. Mchanga. Nilisema anakwenda kwenye mchanga." Akachanganya lugha zote mbili, akajikwaa, akarudi. "Wallahi sikujua kama kuna ramli nyengine."

"Mchanga?"

"Mchanga tu, bibi."

"Na mistari?"

"Ya hizi." Alinyoosha kidole kwenye skii. "Zikipita zinaacha mistari. Anaangalia zimezama kiasi gani."

"Na chupa?"

"Mchanga, bibi. Chupa za mchanga. Mama anazichukia."

Bimdogo alifumba macho. Alivuta pumzi moja. Miezi yote ile ilipita usoni pake, mtu angeweza kuiona ikipita. Kisha akajivuta pembeni, kwa uangalifu, akiweka mguu palepale alipokuwa ameuweka mwanzo.

"Pita," alisema.

"Zungumza naye, mama. Atulie. Atakusikia wewe."

Suud akasema bismillah, akaingia mteremkoni.

Mzee wa Austria alimfundisha kuuma kwa makali, kwamba mtu akiupita mteremko kwa ubavu makali ya juu ndiyo yanayomshika. Kwenye theluji, labda. Hapa makali yangelikata ganda kama kisu kwenye mkate. Suud aliacha yaingie kiasi cha ukucha tu, na skii zenyewe aliziweka bapa, akavuta skii moja, akaitua, akahamisha uzito polepole, akavuta ya pili. Unyevu ulizishika. Ile tabia iliyowachekesha watu, ya kugoma kwenda, ndiyo iliyokuwa ikimzuia asiteremke shimoni. Kwa fimbo aligusa mbele kabla ya kila hatua. Fimbo ikitoa sauti kavu, sawa. Ikipenya bila ya sauti, alisimama.

Nyuma yake alimsikia Bimdogo. Sauti yake ilikuwa imetulia ghafla, kama anayesomesha chuoni.

"Asaad, mwanangu. Tulia. Sema pamoja nami maneno ya Nabii Yunus alipokuwa tumboni mwa samaki. La ilaha illa anta."

"Mama, mchanga umefika kifuani."

"Nabii Yunus alikuwa na bahari juu yake. Sema."

Asaad akasema. Sauti ilitetemeka, lakini gari halikutetemeka tena.

Karibu na gari fimbo ilipenya bila ya sauti. Mpauko ulikuwa umefika. Kati ya Suud na paa la gari kulikuwa na utepe wa mchanga mkavu, mpana kuliko urefu wa mtu, unaotembea. Alitazama nyuma, ganda lilikuwa bado lipo. Alitazama mbele. Aliingia.

Mchanga ulimshika vifundo, ukamvuta chini. Hapo Suud alifanya kinyume cha yote aliyokuwa akiyafanya: aliinua ncha za mbele, akajiegemeza nyuma, akaziacha skii zielee kama kwenye tuta kavu la kiangazi. Zilikwenda kwa kujivuta, nzito, hazina raha, lakini zilikwenda, na hazikuzama. Skii nyembamba zingezama katika utepe ule. Skii pana sana, zisizo na makali ya maana, zisingemfikisha kwenye utepe. Hizi hazikuwa bingwa wa ganda wala bingwa wa mchanga mkavu. Zilipita vyote viwili kwa shida, na akalishika gari.

Hakuliegemea. Alifungua skii ya mguu wa juu na kuilaza ubavu juu ya dirisha, kama ubao wa mfereji, mchanga ukagawanyika ukapita pembeni. Akaingiza kichwa na mikono. Uso wa Asaad ulikuwa mweupe kwa vumbi, macho mekundu.

"Mkanda nimeshafungua," alisema. "Ni mguu. Kiatu kimekwama baina ya pedali."

"Vua kiatu."

"Hakivuki. Kina kamba mpaka juu. Ni vipya."

"Asaad, ndugu yangu, unapenda kiatu au unapenda mguu?"

Asaad alitoa sauti ambayo ilikuwa nusu ya kicheko na nusu ya kilio. Suud alijinyoosha mpaka kiunoni ndani ya gari, akapapasa chini ya mchanga, akaipata kamba ya kiatu, akaikata kwa kisu chake cha tende. Akavuta. Mguu ukatoka pamoja na soksi na ngozi kidogo. Akaifungua kamba kiunoni mwake, akamzungushia Asaad chini ya makwapa, akaifunga upya juu ya wote wawili.

Ndipo aliposikia ngurumo. Si kubwa. Ni ile sauti ya chini ya mchanga unaposhuka kwa pamoja, ambayo mtu huisikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Juu yao ukingo mzima ulikuwa umepauka.

"Ibtihal," aliita. "Vuta. Taratibu, mwanangu, lakini usisimame."

Pikapu ikaenda. Kamba ikakaza, ikawatoa dirishani kama magunia, wakaburutwa kwa ubavu wao kuupita ule utepe, Suud akiwa na skii moja mguuni inayowashikilia wasizame, Asaad akipiga kelele kwa mguu wake. Ganda lilipasuka chini yao, sasa halikuwa na umuhimu tena. Nyuma yao mteremko uliachia. Suud hakuuona. Aliuona usoni mwa Bimdogo, aliyekuwa amepiga magoti begani mwa tuta na mikono miwili mbele, na aliyewakamata nguo walipofika na hakuachia hata walipokuwa wamelala kwenye mchanga mgumu na Ibtihal amezima gari.

Walikaa hivyo. Asaad alikuwa akikohoa. Kinywa cha Suud kilikuwa kimejaa mchanga, akajaribu kuutema na hakuwa na mate.

Watu wa difaa walifika kwa upande wa chini, magari mawili, haraka kama ramla inavyoruhusu. Mkubwa wao alishuka, akautazama mteremko. Ulikuwa laini kutoka juu mpaka chini, umenyooka, hauna alama hata ya ndege.

"Mlisema gari limepinduka," alisema kwa Kiarabu. "Liko wapi?"

Suud alinyoosha kidole. Yule mtu alikitazama kidole, akautazama tena mchanga, na uso wake ukabadilika. Akawageukia wenzake waliokuwa wakishusha makoleo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jawabu, kuna wangapi ndani.

Suud alikuwa bado akipangusa mchanga mdomoni.

"Hamna mtu," Bimdogo alijibu, mkono mmoja kwenye kanzu ya Asaad, wa pili kwenye ukosi wa Suud. "Wanangu wote wawili hawa hapa."